Kuhalalisha heroini kutapunguza vifo?

Wakuu, Oregon (jimbo la Marekani) iliacha kuwafunga watumiaji wa dawa za kulevya Februari 2021, vifo vikazidi kupanda, Septemba 2024 ikarudisha adhabu. Hoja imekufa?

— Usichanganye, mkuu. Waliondoa jela tu. Mzigo ulibaki wa mtaani, una fentanili (dawa ya maabara ya jamii ya heroini), kali mara 50 kuliko heroini. Mtumiaji hajui anajidunga kiasi gani. Uswisi tangu 1994 mraibu sugu hupewa heroini safi kliniki, imepimwa kwa miligramu, nesi akimwangalia.

— Hata Ureno 2001 haikuhalalisha. Ukikutwa na heroini isiyozidi gramu 1 unapelekwa kwenye kamati, si mahakamani.

— Mkiendelea kubishana, wekeni naloksoni (dawa ya kumwokoa aliyezidisha heroini) karibu: mtu akizidisha, mpulizie miligramu 4 puani, piga simu ya dharura, asipopumua vizuri dakika 2–3, rudia. Msimwache, nguvu ya naloksoni huisha dakika 30–90, anaweza kuacha kupumua tena.