Nina miaka 56, nesi leba. Niandike barua ya kustaafu kwa hiari au nivumilie mpaka 60?

MamaMkunga
Habari za jioni wadau. Mimi ni nesi mkunga, mtumishi wa serikali huku Mwanza, wilaya naiacha maana tunajuana. Julai natimiza miaka 33 kazini na umri ni 56. Naombeni ushauri maana nyumbani kila mtu ana lake, baba watoto anasema pumzika, mtoto wa mwisho ndo kwanza yuko mwaka wa pili chuo, na mkopo benki umebaki miezi 19.

Shida iko hivi, magoti yameisha. Wiki mbili zilizopita saa tisa usiku mama kajifungua mtoto hajalia, binti niliyekuwa naye zamu ana miezi mitano tu kazini, kachukua ambu begi, ule mfuko wa kumpulizia mtoto hewa, lakini kile kikombe hakijakaa vizuri usoni, hewa yote inatokea pembeni na kifua cha mtoto hakinyanyuki. Nikainuka, goti likagoma, nikajivuta kwa kushika ukingo wa kitanda mpaka nikamfikia, nikamrekebisha mkono na kukiinua kidevu cha mtoto kidogo tu, kifua kikaanza kupanda. Akalia. Tulimshukuru Mungu ila asubuhi nilipofika nyumbani sikulala, nawaza zile sekunde nilizochelewa, na nawaza pia ningekuwa sipo kabisa ingekuwaje.

Maana wodini kwetu tuko wa hamsini na kitu, halafu kuna watoto wa juzi, wa katikati hawapo. Ajira zilisimama 2016, 2017 ukaja uhakiki wa vyeti wengine wakaondoka, waliokuja baadaye ndo hao bado wanajifunza. Na bado kuna wanaosema wazee tumeng'ang'ania nafasi, inaniuma sana.

Halafu nimefungua taarifa ya michango yangu PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inaanzia Julai 1999, wakati mimi nimeajiriwa 1993. Miaka sita imeenda wapi jamani?

Mwalimu Mstaafu wa Magu
Mwangaluka dada. Mimi nilitoka na 60 kamili. Usiondoke na mkopo mgongoni, salio benki watalitaka na mkupuo, ile hela ya pamoja unayolipwa ukistaafu, utaupokea umeshamegwa. Na usiwaambie ndugu tarehe ya hela kuingia. Nililipwa wiki ya kwanza, ya pili shemeji akaja na habari za mtumbwi na injini, tugawane faida ya dagaa, sikuwahi kushika hata chepe la dagaa mwaloni nikatoa milioni 14. Sijaziona mpaka leo na shemeji tunasalimiana kwa shida.

Nesi_Buhongwa
Mama shikamoo. Mimi nimemaliza diploma ya uuguzi 2019 na mpaka leo najitolea kituo cha afya, nalipwa posho ya nauli. Sitakudanganya, kuna siku nawaza wakubwa wakitoka sisi tutaingia. Lakini nafasi ya mtu aliyestaafu haijazwi kesho yake, mpaka kibali cha ajira kitoke, na kikitoka unaweza kuona nafasi imepelekwa mkoa mwingine kabisa. Kwetu alistaafu mama mmoja 2023, kiti chake kipo wazi na zamu zake tunagawana sisi. Kwa iyo ukitoka usitoke kwa sababu ya maneno ya watu, na ukibaki tafadhali tufundisheni mkiwa bado na nguvu. Nilijua kutoa kondo lililogoma kwa sababu yule mama alinisimamisha pembeni yake, darasani nilisoma tu.

AfisaUtumishi_Kanda
Dada nikujibu la 1999 kwanza maana ndo kubwa na watu wengi linawatisha. Watumishi wa serikali kuu wa mfumo wa pensheni walikuwa hawakatwi, makato yalianza Julai 1999 na PSPF, mfuko wa zamani kabla ya PSSSF, ndo maana taarifa inaanzia hapo. Utumishi wako wa kabla haujafutwa, unahesabiwa, ule mzigo ni wa serikali. Ila lazima uuthibitishe kwa karatasi. Barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, ya cheo cha mwisho. Unazo?

Kuhusu hela, kwa aliyetoka PSPF au LAPF, mfuko mwingine wa zamani, mkupuo sasa ni asilimia 40 tangu mwaka wa fedha 2024/25, ilikuwa 33. Hesabu ni miezi uliyofanya kazi gawa kwa 580, zidisha mshahara wa mwaka, kisha mara 12.5, kisha hiyo asilimia 40. Tuseme wastani wa mshahara wako mkubwa wa miaka mitatu ni 1,200,000 kwa mwezi. Kwa miezi 396 utapata mkupuo kama milioni 49 na pensheni kama 491,000 kila mwezi. Ukifika 60 ni miezi 444, hata mshahara usipopanda mkupuo unakuwa milioni 55 na pensheni 551,000. Weka mshahara wako halisi uone.

Hapo mwenyewe pima, tofauti ya pensheni ni elfu 60 kwa mwezi, lakini kwa miaka hiyo minne ungekuwa unakula mshahara mzima na sio nusu, na mtoto anamaliza chuo. Bima ya afya ya NHIF utaendelea nayo wewe na mwenza, ila watoto hapana. Ukiamua hiari, taarifa iandike miezi sita kabla.

MamaMkunga
Asante sana afisa, umenitoa presha. Barua ya kuthibitishwa ninayo. Ya ajira ya kwanza ililowa tulipohama na kivuko kutoka Ukerewe 2004, maboksi yalikaa nje mvua ikanyesha, imebaki nusu, tarehe haisomeki kabisa.

AfisaUtumishi_Kanda
Usiilaminishe hiyo nusu wala usiitupe. Faili lako lina nakala, nenda masjala uombe kwa maandishi, likikosekana pale andikia kituo chako cha kwanza. Fanya sasa, usisubiri. Nimeshaona mtu amestaafu anazunguka miezi tisa kwa karatasi moja, na wenzake wote wa kituo cha kwanza walishafariki, hakuna hata wa kumtolea ushahidi.

Mama Wawili Igoma
Dada kwani lazima iwe kuacha au kufa na zamu za usiku? Mama yangu mdogo aliandika barua na cheti cha daktari juu, akahamishiwa kliniki ya wajawazito, mchana tupu, yupo huko mpaka leo anasubiri 60 yake. Hizo habari za kung'ang'ania achana nazo, wewe hujaomba hisani ya mtu, 60 ndo umri wa lazima, ni haki yako.

Nesi_Buhongwa
Hiyo nzuri, ila leba watabaki na nani?

MamaMkunga
Wadau narudi baada ya siku nne. Masjala nimeenda mara mbili, jana yule kijana akalitoa faili la zamani limefungwa kwa kamba ya katani, nakala ipo, imekuwa njano lakini tarehe inasomeka, 12 Julai 1993. Nimesimama pale nikalia. Nimetoa kopi tatu na picha nimemtumia mwanangu.

Hiari nimeiacha kwanza mpaka mkopo uishe. Cheti cha daktari ninacho na barua ya kuomba kutolewa usiku nimeandika, sijaipeleka, maana swali la Nesi_Buhongwa hapo juu limenikaa. Nimeongea na metroni nibaki leba asubuhi, kila Jumatano saa nane wale mabinti tukae na mwanasesere na ambu begi saa nzima, yule wa miezi mitano aanze yeye. Amesema ataangalia ratiba. Kuna mkunga humu aliyewahi kupangiwa hivyo mchana tu leba? Barua yako uliielekeza kwa metroni au kwa mganga mfawidhi?