IST inatetemeka usukani kuanzia 85 hadi 105, wili balansi imeshafanyika na tatizo liko palepale

Msafiri wa Kimara

Wakuu, habari za majukumu.

Natumia Toyota IST ya 2004, ile ya 1300. Mjini gari limetulia kabisa. Shida inaanza nikishaipita Mlandizi na kuongeza mwendo: ikifika 85 usukani unaanza kucheza mikononi, 95 unatetemeka mpaka simu kwenye dashibodi inahama, nikivuka 105 unapoa.

Nimefanya wili balansi (kusawazisha uzito wa magurudumu), nikarudia kwa fundi mwingine mwenye mashine mpya. Kote kioo cha mashine kinasoma sifuri. Alaimenti nayo, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, imefanyika. Sasa kuna fundi anataka nibadilishe shokapu zote mbili za mbele pamoja na tairodi, zile fimbo zinazounganisha usukani na magurudumu. Mama yangu yuko Dodoma na mwezi huu natakiwa kumleta Muhimbili kwa matibabu. Siko tayari kumpakia kwenye gari nisiloliamini, na siko tayari pia kutoa hela ya kubahatisha.

Rimu ni sporti za mtumba, nilizinunua Ilala. Tairi 185/65R15, nazo za mtumba. Nikishika breki mtetemo hauongezeki.

Chuma cha Moto

Shokapu hizo mkuu. Barabara zetu zinaziua mapema. Badilisha, utakuja kunishukuru.

Fundi Mkongwe wa Tabata

Msafiri, usinunue kitu bado. Na wewe Chuma cha Moto, kwa heshima kabisa, shokapu haizalishi mtetemo. Kazi yake ni kuutuliza. Ikichoka, mtetemo uliokuwepo unasikika zaidi, lakini chanzo kinabaki pale kilipo. Alaimenti vilevile: ikiharibika gari linavuta upande na tairi linaliwa ukingo mmoja, usukani hautetemeki kwa sababu hiyo.

Mtetemo unaokuja kwenye mwendo fulani na kuondoka ukiuvuka unatoka kwenye kitu kinachozunguka. Ukiusikia kwenye usukani, anza na magurudumu ya mbele. Ukiusikia kwenye kiti na sakafu, nenda nyuma.

Ngoja nieleze kwa nini mjini husikii kitu. Tairi lako likiwa kwenye 90 linazunguka karibu mara 13 kwa sekunde. Ukingo wa rimu ukiwa na gramu 30 zisizo na mwenzake, katika mwendo huo zinavuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 4, na zinavuta kila mzunguko. Punguza mwendo hadi 45, nguvu hiyo inabaki robo, haifiki hata kilo moja. Kwa hiyo gari linakudanganya mjini kote, ukitoka tu linasema ukweli.

Sasa swali langu. Hizo sporti rimu, tundu la katikati lina upana gani? Habu ya IST, yaani kile kitovu cha gari ambacho gurudumu linafungwa, ni milimita 54.1. Rimu nyingi za mtumba zimetobolewa kubwa, 67.1 au hata 73.1, ili zikae kwenye magari ya aina nyingi. Ukilipeleka gurudumu kwenye mashine ya balansi, koni ya mashine inalishika kwenye tundu hilo na kuliweka katikati sawasawa, ndiyo maana unaona sifuri. Mashine haijakosea. Ukija kulifunga kwenye gari, hakuna koni. Linaning'inia kwenye nati peke yake. Zikikazwa taratibu kwa zamu gurudumu likiwa hewani, nati za koni zinaweza kulivuta katikati. Kijana akija na mashine ya upepo akabana moja mpaka mwisho kabla ya kugusa nyingine, gurudumu linakaa upande na halitoki hapo. Dawa yake ni pete za habu, za plastiki ngumu au aluminiamu, zinazojaza ile nafasi. Bei yake ukilinganisha na shokapu ni ndogo mno.

Kipimo cha pili unaweza kufanya nyumbani. Hamisha magurudumu ya mbele yaende nyuma, ya nyuma yaje mbele, upande uleule, kisha rudi barabarani. Mtetemo ukihamia kwenye kiti, ugonjwa uko kwenye gurudumu lenyewe. Ukibaki kwenye usukani, hapo ndipo tuzungumze habari za habu, beringi na tairodi.

Nakuru Highlands

Boss, mimi niko Kenya lakini gari ni kama lako. Pamoja na aliyosema fundi, kagua kama tairi ni duara kweli. Piga jeki, weka bisibisi juu ya tofali ncha ikikaribia uso wa tairi unaogusa barabara, kisha zungusha kwa mkono polepole ukitazama ile nafasi. Ikipanuka na kubana, tairi au rimu si duara, na hakuna vipande vya risasi vya balansi vitakavyotibu hilo. Balansi inasawazisha uzito tu.

Soma pia tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi, zinaonyesha lilitengenezwa lini. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na uchungulie upande wa ndani wa rimu, tope likikaukia mle linatosha kuvuruga kila kitu.

Mama Careen

Kwa wengine watakaosoma baadaye: ikitetemeka ukishika breki tu, hizo ni diski. Ikitetemeka ukikanyaga mafuta na kutulia ukiachia, mwambie fundi aangalie jointi ya ndani ya draivushafti, ile shafti inayozungusha gurudumu.

Msafiri wa Kimara

Wakuu, nimerudi na majibu. Tundu la rimu limepimwa kwa venia (kifaa cha kupimia milimita), ni 67.1. Nimepata pete, zimeingia vizuri. Nilipofanya kipimo cha bisibisi, tairi la mbele kushoto lilionekana wazi linapanda na kushuka. Namba yake inasomeka 3114, na ubavu wa ndani una kinundu ambacho mafundi wote hawakunionyesha.

Fundi Mkongwe wa Tabata

Hilo tairi liondoe leo. Kinundu cha ubavuni maana yake nyuzi za ndani zimekatika, na kupanda na kushuka kule kunaashiria mikanda ya chuma chini ya uso wa tairi imeanza kuachana. Linaweza kupasuka ukiwa kwenye mwendo. Lisiwe hata la akiba. Nunua mawili mapya yafanane, na balansi ifanyike baada ya kuyafunga.

Msafiri wa Kimara

Nimefunga mawili mapya, balansi imefanyika, pete zipo. Jana nimeenda mpaka Chalinze. 85, 95, 100, usukani umetulia kabisa. Shokapu na tairodi sikuzigusa. Fundi, Mungu akuzidishie. Swali la mwisho: nati nizikaze kiasi gani kabla ya safari ya Dodoma?

Fundi Mkongwe wa Tabata

Tumia spana ya kipimo, newtonmita 103. Kaza kwa msalaba, raundi ya kwanza nusu nguvu gurudumu likiwa hewani, raundi ya pili likiwa limegusa chini. Kwa kuwa ulishatembea mpaka Chalinze, zipitie tena zote kabla hujaondoka, rimu za aloi zikishakaa nati huwa zinalegea kidogo. Upepo jaza kwa kufuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, tairi zikiwa za baridi. Mama tunamwombea afya.