Kulinganisha majukwaa ya seva za Minecraft: Paper, Fabric, NeoForge na Sponge

mjenzi_wa_usiku

Habari zenu, wanajukwaa. Ninaendesha seva ya Minecraft, toleo la Java, ambayo kwa kawaida huwa na wachezaji kati ya 15 na 30 kwa wakati mmoja. Tangu ianze imetumia programu ya seva ya Mojang yenyewe, kampuni inayotengeneza mchezo, bila kuongezwa chochote, na dunia yetu sasa imekua kiasi kwamba watu wanapokuwa wengi ng'ombe husimama kama sanamu, milango hufunguka baada ya muda, na mashine za redstone (saketi za ndani ya mchezo) hupoteza mwendo. Vilevile nimechoka kusuluhisha ugomvi wa nani alibomoa nyumba ya nani bila kuwa na kumbukumbu yoyote ya kuangalia.

Katika kusoma kwangu majina manne yamejirudia: Paper, Fabric, NeoForge na Sponge. Orodha za sifa ninazo tayari. Ninachotafuta ni maelezo ya mtu aliyeyaendesha, aniambie yanatofautiana wapi yanapokuwa kazini. Nahitaji kasi, nahitaji ulinzi wa majengo, na nina mafundi sita wa redstone ambao wataondoka siku hiyohiyo mashamba yao yakiharibika.

kipanga_wa_seva

Karibu, ndugu. Kabla ya kuzungumzia kasi, jiulize kama uko tayari kumlazimisha kila mchezaji asakinishe kitu kwenye kompyuta yake. Jibu la swali hilo litakuondolea nusu ya majukwaa hayo.

Paper hutumia plagini, yaani programu ndogo za nyongeza ambazo hukaa upande wa seva peke yake. Mchezaji huingia na mchezo wake wa kawaida, na chochote plagini inachofanya lazima kionyeshwe kwa vitu ambavyo mchezo huo tayari unavijua. Ndiyo sababu plagini haiwezi kukuletea aina mpya kabisa ya mawe au mnyama asiyekuwepo. Inaweza tu kumvisha aliyepo mavazi mengine. NeoForge hutumia modi, yaani nyongeza zinazoubadilisha mchezo wenyewe, na modi inayoongeza vitu vipya lazima iwepo pande zote mbili, la sivyo mchezaji hukataliwa mlangoni. Fabric iko katikati: ni jukwaa la modi, lakini nyingi kati ya modi zake za kuongeza kasi na za usimamizi hufanya kazi upande wa seva tu, na mchezaji hahitaji hata kujua kwamba zipo.

Kwa maelezo yako, mimi ningekwenda Paper bila kusita. Kumbukumbu za ubomoaji utazipata kwa CoreProtect, ambayo huandika kila tofali lililowekwa au kuondolewa na nani, na hukuruhusu kurudisha eneo lilivyokuwa saa kadhaa zilizopita. Viwanja utavilinda kwa GriefPrevention, na ruhusa utazipanga kwa LuckPerms. Ukiwa na wachezaji wanaotumia simu, kwa maana ya toleo la Bedrock, Geyser itawaingiza humohumo. Zaidi ya hayo, Paper yenyewe imeandika upya sehemu nyingi zinazoilemea seva ya kawaida, kama vile upakiaji wa chanki (vipande vya ardhi ya mchezo) na kazi za hopa (vyombo vinavyosogeza vitu), na inakuja na kipimo cha spark ndani yake tangu toleo la 1.21, kwa hiyo huna haja ya kubahatisha kinachokwamisha seva.

fundi_wa_redstone

Naheshimu uzoefu wa kipanga, ila amepita haraka mno pale penye mafundi sita.

Kasi ya Paper ina bei yake. Waandishi wake hawajifungi kuuacha mchezo ukiwa kama Mojang walivyouandika. Huziba mianya wanayoiona kuwa ni hitilafu, na baadhi ya mianya hiyo ndiyo msingi wa mashine ambazo wajenzi wa redstone wamezitegemea kwa miaka. Mfano ulio wazi ni kunakili TNT, mazulia na reli kwa kutumia pistoni. Katika Paper jambo hilo limefungwa tangu mwanzo, na ukitaka kulifungua lazima uingie kwenye faili la paper-global.yml, utafute sehemu ya unsupported-settings, kisha uiwashe allow-piston-duplication. Kuvunja mwamba wa bedrock nako kuna swichi yake palepale. Jina la sehemu hiyo lenyewe linakwambia kwamba ukipata tatizo humo usitarajie msaada. Tena hizo ni tofauti zenye swichi. Zipo nyingine ndogondogo zisizo na swichi, ambazo fundi huzigundua shamba lake linapotoa nusu ya mavuno bila ujumbe wowote wa kosa.

Fabric ikiwa na Lithium hufuata njia tofauti kabisa. Lithium huharakisha hesabu za ndani za seva, lakini lengo lake lililotangazwa ni kutobadilisha tabia yoyote ya mchezo ambayo mchezaji anaweza kuiona, na mimi nimeiendesha muda mrefu bila kukuta mashine iliyofanya vingine. Ongeza Carpet, ambayo mafundi wako bila shaka wanaijua, na watakuwa na zana za kupima tiki (hatua ndogo za mwendo wa mchezo) na kuhesabu mavuno. Kumbukumbu za ubomoaji zipo kupitia Ledger, na viwanja vipo kupitia Flan. LuckPerms na WorldEdit zina matoleo ya Fabric. Usiambiwe kwamba ulinzi ni mali ya Paper peke yake.

kipanga_wa_seva

Sikusema ni mali ya Paper peke yake. Nilichomaanisha ni kwamba upande wa plagini una chaguo kumi pale ambapo Fabric ina moja au mbili, na mwandishi wa hiyo moja akichoka umebaki mikono mitupu. Kuhusu hitilafu zisizo na swichi nakubali, na ningemshauri mjenzi awaulize mafundi wake ni mashine zipi hasa wanazitegemea. Kama hakuna anayenakili TNT, nusu ya hoja yako haimhusu. Isitoshe, redstone ya Paper kwa chaguo-msingi ni ileile ya kawaida. Njia ya haraka zaidi ya Alternate Current ipo kwenye mipangilio, lakini msimamizi ndiye huiwasha.

mzee_wa_kumbukumbu

Ningependa kueleza kidogo kwa nini majukwaa haya yamegawanyika hivi, kwa sababu historia hiyo ndiyo inayoamua hata leo kipi kitafanya kazi na kipi.

Zamani kulikuwa na Bukkit, jukwaa la plagini, na karibu kila seva ya hadhara iliitumia. Mwezi Februari 2012 Mojang iliwaajiri viongozi wake, na wengi tukadhani mfumo rasmi wa plagini uko njiani. Haukuja. Mwaka 2014 viongozi waliokuwa wamebaki walitaka kuufunga mradi, Mojang ikatangaza kwamba ndiyo mmiliki wake, na mwanzoni mwa Septemba mmoja wa wachangiaji wakubwa akatumia sheria ya hakimiliki ya Marekani kuzuia CraftBukkit, programu ya seva ya mradi huo, isisambazwe, kwa hoja kwamba kazi yake yenye leseni huria ilikuwa imechanganywa na msimbo wa Mojang usio huria. Mradi ulianguka ndani ya siku chache.

Kutokana na anguko hilo yalichipuka mambo mawili. Spigot, iliyokuwapo tayari kama tawi la CraftBukkit, iliendelea kwa kumpa msimamizi programu ya BuildTools, ambayo huiunda seva kwenye mashine yake mwenyewe ili asiwepo mtu anayesambaza msimbo wa Mojang. Paper ilizaliwa juu ya Spigot, na hadi leo faili unalopakua kwao hushusha kwanza seva ya Mojang na kisha kuibandika marekebisho. Kundi jingine liliamua kuanza upya, likaanzisha Sponge. Mwezi Desemba 2024 Paper ilitangaza kujitenga rasmi na Spigot, kwa hiyo plagini za zamani za Bukkit bado zinakubalika huko, lakini plagini mpya zinazoandikwa kwa ajili ya Paper zisitegemewe kufanya kazi kwenye Spigot. Ndiyo maana hata mjenzi hakuitaja Spigot kwenye orodha yake, na sidhani kama amekosea.

mjenzi_wa_usiku

Asante, mzee, sasa naelewa kwa nini mafunzo ninayoyasoma hutaja majina matano kwa kitu kimoja. Je, Sponge yenyewe ikoje?

mzee_wa_kumbukumbu

Kiuhandisi ni kazi nzuri kuliko zote, na nalisema hilo kwa masikitiko. Mixin, zana inayoiwezesha modi kuingiza msimbo wake ndani ya mchezo, ilitoka kwa watu wa Sponge, na leo Fabric nzima imesimama juu yake. Lakini Sponge ilipata umaarufu wake katika enzi ya Minecraft 1.12.2, na mfumo wake ulipobadilishwa kwa matoleo yaliyofuata, plagini zilihitaji kuandikwa upya na waandishi wengi hawakurudi. Kama hulazimiki, usianzie huko.

karakana_kuu

Niseme neno la NeoForge kwa kuwa naona hakuna aliyeitetea. Jukwaa hili lilijitenga na Forge, jukwaa la modi la zamani zaidi, mwezi Julai 2023, wakati sehemu kubwa ya timu ya Forge ilipohama, na modi nyingi kubwa za viwanda, uchawi na mashine zikahamia pamoja nao. Kama wachezaji wako wanaota modi ya Create na magari-moshi yake, hapa ndipo nyumbani kwake.

Kwa mahitaji uliyoyaandika, hata hivyo, sitakudanganya: hulihitaji. Kila mchezaji atalazimika kuwa na modi zilezile za toleo lilelile, wachezaji wa Bedrock utawapoteza kwa sababu vitu vipya havina sura upande wao, na siku utakapoiondoa modi iliyoongeza mawe, kila jiwe lake litageuka hewa na kuacha matundu kwenye majengo ya watu. Dunia iliyokaa kwenye Paper au Fabric isiyo na modi za maudhui unaweza kuihamisha. Iliyojengwa kwa modi umefunga nayo ndoa.

mjenzi_wa_usiku

Nimeona pia seva mseto, ambazo zinasemekana kuendesha plagini na modi kwa pamoja. Je, hizo hazimalizi mjadala huu?

kipanga_wa_seva

Hapa mimi na fundi tutakubaliana. Seva mseto huunganisha mifumo miwili ambayo kila mmoja unadhani ndio wenye kauli ya mwisho juu ya dunia. Plagini ya ulinzi inaweza kumzuia mchezaji asivunje tofali kwa mkono wake, huku mashine ya modi ikilivunja tofali hilohilo bila plagini kupewa habari. Ukienda kuomba msaada kwa waandishi wa plagini watakurudisha kwa watu wa seva mseto, na waandishi wa modi nao watafanya vivyo hivyo. Niliwahi kuendesha mojawapo kwa miezi mitatu. Mkoba wa mchezaji mmoja ulifutika mara mbili, na hadi leo sijui ni upande upi uliokosea.

fundi_wa_redstone

Tumekubaliana kwa mara ya kwanza, na iandikwe.

Kabla ya kuchagua, mjenzi, pima. Mzunguko wa mchezo unatakiwa kukamilisha tiki 20 kwa sekunde, yaani kila tiki ina milisekunde 50 za kumaliza kazi zake zote. Tengeneza nakala mbili za dunia yako katika folda tofauti, moja uiwashe kwa Paper na nyingine kwa Fabric yenye Lithium na spark, waalike wachezaji, kisha usome ni kazi gani inayokula hizo milisekunde 50. Usizichanganye nakala hizo. Katika mpangilio wa kawaida wa matoleo kama 1.21, ambao Fabric inaufuata, Nether (dunia ya pili ya mchezo, kama ilivyo End) imo ndani ya folda ya dunia kwa jina la DIM-1 na End kwa jina la DIM1; Paper inapowashwa mara ya kwanza huzihamishia kwenye folda za world_nether na world_the_end. Ukirudi Fabric bila kuzirudisha kwa mkono, seva itakutengenezea Nether mpya tupu, na utadhani dunia yako imefutika.

mjenzi_wa_usiku

Narudi na matokeo baada ya majaribio ya jioni nne.

Kilichonishangaza ni kwamba katika nakala zote mbili mzigo mkubwa haukutokana na mashamba wala redstone. Ulitokana na wachezaji watatu wanaoruka kwa elytra, mabawa ya mchezo, kutafuta ardhi mpya, wakiilazimisha seva itengeneze chanki bila kupumzika. Niliweka mpaka wa dunia, nikatumia Chunky kutengeneza ardhi yote iliyobaki ndani ya mpaka wakati hakuna mtu, na nikashusha simulation-distance kutoka 10 hadi 7. Baada ya hapo Paper ilikuwa na wastani wa milisekunde 19 kwa tiki, na Fabric 24, tukiwa watu 26. Paper imeshinda kwa kasi, lakini zote mbili ziko mbali na 50, na tofauti hiyo hakuna mchezaji aliyeihisi.

Mafundi wangu walijaribu mashine zao kwenye nakala zote. Wanne hawakuona tofauti. Wawili wanategemea kunakili TNT kwenye mashine ya kuchimba, na mmoja wao, hata baada ya kuwasha swichi ile ya Paper, alisema kipanga-vitu chake kinatoa hesabu tofauti na aliyoizoea. Kwa hiyo naelekea Fabric. Nitakachokikosa ni CoreProtect, kwani niliijaribu kwenye nakala ya Paper na utafutaji wake ulinipendeza.

Tatizo limebaki moja: nimeiweka Ledger kwenye folda ya mods pamoja na Lithium, na seva inakataa kuwaka kabisa.

fundi_wa_redstone

Soma mistari ya mwanzo ya kosa hilo; naamini itakutajia Fabric API na Fabric Language Kotlin, maktaba ambazo Ledger inazitegemea. Haziji pamoja na kipakiaji cha Fabric, ni mafaili ya peke yake. Yapakue kwa matoleo yanayolingana na mchezo wako, uyaweke kwenye folda hiyohiyo ya mods, kisha uwashe tena.

mjenzi_wa_usiku

Imewaka.