Wageni wakiuliza tetemeko unawajibuje?

Kijana_wa_Natron: Habari wadau, bosi kaniambia Jumamosi niwafundishe waongoza watalii wapya hapa Arusha mambo ya matetemeko maana wageni wakifika Ziwa Natron lazima waulize, sasa mi nikianza na mabamba ya ardhi naona vijana wanasinzia tu. Nianzie wapi?

Mama_Sakina: Anza na 2007 mdogo wangu. Julai ile tulikimbilia nje na vitenge, vikombe vinagongana kabatini, kubwa lake la tarehe 17 lilikuwa la ukubwa wa 5.9. Waambie magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilikuwa inajipenyeza chini kule mlima Gelai, na Septemba volkano ya Lengai ikaanza kutupa majivu juu. Hapo hasinzii mtu.

Chapa_lapa: Mawimbi ya tetemeko, P na S, fundisha kwa hiace. Konda akisukuma abiria wa mlangoni msukumo unafika siti ya nyuma fasta, ndo P hiyo, inatangulia. S tikisa kamba, inachelewa ila inatikisa zaidi. Halafu wasiwadanganye wageni eti siku ya tetemeko inatabirika, kuna mmoja nilimsikia anawaambia Wajerumani mbwa wakibweka jiandae, nikaona aibu mimi

Kijana_wa_Natron: 😂😂 ya konda naiiba. Kamba ipo, ile ya kufungia mizigo juu ya gari