Mnaosambaza skripti za "kutenga prosesa" bila kujua kerneli inasomaje orodha: mnaharibu seva za watu

Wakuu salaam.

Hili limenichosha na sitalizunguka. Kuna skripti ya "kuongeza spidi ya seva" inazunguka kwenye magrupu ya mafundi hapa Dar. Mtu anaibandika kwenye seva ya mteja, analipwa, anaondoka. Ndani yake kuna mstari huu:

echo 3 > /proc/irq/45/smp_affinity

Na maelezo juu yake yanasema intarapti (ishara ya kifaa inayoikatiza prosesa iikihudumie) ya kadi ya mtandao inapelekwa prosesa namba 3. Si kweli! Faili hilo halipokei namba ya prosesa, linapokea maski ya biti, yaani kila biti inasimamia prosesa moja, ikiandikwa kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16). 3 ni biti mbili za mwanzo, yaani prosesa 0 na prosesa 1. Prosesa 3 huandikwa 8. Prosesa 4 huandikwa 10. Prosesa 10 huandikwa 400. Kerneli (kiini cha Linux) haikulalamika kwa sababu 3 ni maski halali kabisa, na fundi akaona kimya akadhani kazi imekwisha. Mteja anabaki na prosesa 0 iliyoelemewa, simu za VoIP (za kupitia intaneti) zinakatakata, lawama anatupiwa mtoa intaneti.

Ukitaka kuandika namba kama zilivyo, faili la pili liko hapohapo jirani: smp_affinity_list. Huko 3 ni 3, na 0-3,7 ni prosesa 0, 1, 2, 3 na 7.

Koma nayo ina maana mbili. Kwenye orodha inatenganisha prosesa. Kwenye maski inatenganisha mafungu ya biti 32. Andika 2,3 kwenye smp_affinity ya mashine yenye prosesa 64 na utakuwa umechagua prosesa 0, 1 na 33. Hiyo 33 imetoka wapi? Ni biti ya pili ya fungu la juu.

Tuje kwenye mstari wa kuwashia mashine, yaani vigezo inavyopewa kerneli inapowaka (isolcpus ni kile cha kutenga prosesa), maana huko ndiko uharibifu mkubwa uliko. Nanukuu kutoka /etc/default/grub iliyoachwa na "mtaalamu":

isolcpus=2, 3

Mnaiona nafasi baada ya koma? Ukiandika orodha yenye nafasi kwenye faili kama smp_affinity_list, kerneli inaivumilia. Kwenye mstari wa kuwashia, nafasi ndiyo inayotenganisha vigezo. Kwa hiyo isolcpus inapata "2," peke yake, na "3" inakuwa kigezo kinachojitegemea. Kerneli haikijui, inakisukuma kwa systemd (programu inayoanzisha huduma za mashine), na systemd ikiona 3 tupu inaielewa kama runlevel 3: mashine inawaka bila skrini ya picha. Halafu fundi anaitwa, anasema kadi ya grafiki imekufa, anataka hela ya kadi mpya. Hii haikubaliki.

Kosa jingine ni isolcpus=nohz,2-5. Usipoweka neno lolote kabla ya namba, kerneli inachukua "domain", yaani inaziondoa prosesa hizo kwenye mgawanyo wa kawaida wa kazi. Ukiweka nohz (ya kupunguza tiki, yaani mapigo ya saa ya kerneli) peke yake, domain haipo tena. Tiki imeshughulikiwa, lakini michakato ya kawaida inaendelea kumwagwa kwenye prosesa ulizodhani umezitenga. Ukivitaka vyote viwili, viandike vyote: isolcpus=nohz,domain,2-5.

Sasa zile seva za mtumba za soketi mbili, yaani chipu mbili kwenye bodi moja. Baadhi yake zinahesabu prosesa kwa kupishana: shufwa soketi ya kwanza, witiri soketi ya pili. Anayeandika 0-7 hapo amegawa kazi nusu kwa nusu kwenye soketi mbili, na data inavuka kutoka kumbukumbu ya upande mmoja kwenda upande mwingine mchana kutwa. Endesha lscpu kwanza, soma mistari ya NUMA, inayoonyesha prosesa zipi ziko upande upi wa kumbukumbu. Kama ni za kupishana na mashine ina prosesa 32, soketi ya kwanza kwa kerneli ni 0-31:1/2, yaani katika kila kundi la mbili chukua moja ya mwanzo. Msinakili 0-31:2 kutoka kwenye taskset (amri ya kuupangia mchakato prosesa)! Ule ni uandishi wa taskset -c, unaoruka mbili mbili. Kerneli ikikuta nukta pacha (:) lazima ikute na mkwaju (/) mbele yake, isipouona inakataa orodha nzima.

Herufi N ni prosesa ya mwisho, na "all" ni zote; vyote vinafanya kazi kwenye kerneli za kuanzia 2021 hivi. Ila 16-N ya mashine ya prosesa 32 ukiihamishia kwenye mashine ya prosesa 4 inageuka 16-3. Mwanzo umezidi mwisho, inatupwa.

Na inapotupwa wakati wa kuwaka, mashine haisimami. Inaandika onyo moja kwenye dmesg (ujumbe wa kerneli), inaendelea kuwaka bila kutenga chochote. Ndiyo maana nasisitiza: baada ya update-grub na kuwasha upya, fungua /proc/cmdline uone ulichoandika kimefika kizima, kisha soma /sys/devices/system/cpu/isolated. Ikitoka tupu, domain haijatengwa, hata kama mteja keshalipa. Onyo lenyewe litafute kwenye dmesg kwa neno Housekeeping. Kwa intarapti soma effective_affinity_list, siyo ile uliyoiandika wewe, kwa sababu effective ndiyo inayoonyesha intarapti inatua wapi hasa.

NYONGEZA: Mdau ameuliza hapo chini kwa nini smp_affinity_list yake inajirudisha kila baada ya muda. Mkuu, hiyo ni irqbalance, programu inayogawa intarapti kwa prosesa; inagawa upya kila sekunde 10. Izime, au izuie kugusa prosesa zako. Na angalia usirudie kosa lilelile: IRQBALANCE_BANNED_CPUS inataka maski, IRQBALANCE_BANNED_CPULIST inataka orodha. Kama ni intarapti za diski za NVMe na kuandika kunakataliwa kabisa, usihangaike na chmod. Nyingi kati ya hizo zinasimamiwa na kerneli yenyewe. Njia yake ni managed_irq ndani ya isolcpus, na hata hiyo inajitahidi tu, haikuhakikishii.

Aliyeandika ile skripti kama yumo humu, airekebishe leo na aitume upya kwenye magrupu yaleyale alikoisambaza.