Tupeane uzoefu: kuuza mboga zisizotiwa dawa mjini na mahotelini

Mchaichai: Asalaam alaykum. Leo mnadani Mwanakwerekwe tungule zangu za samadi na mwarobaini zimenadiwa lundo moja na za dawa kutoka Bara. Bei moja! Sensa ya 2012 tulikuwa milioni 1.3 Zanzibar nzima, ya 2022 karibu milioni 1.9, na wote wanakula. Anayepata bei ya haki anauzia wapi?

Nazi Mbata: Hapo kwenye lundo moja ndipo tunapofia.

Mama Saladi: Umenitonesha kidonda. Nilikuwa napeleka saladi na mrihani hoteli moja ya pwani ya mashariki, jina nalihifadhi. Mpishi alikuja shamba akapiga picha hadi mboji. Haya. Jani likiwa na tundu, mzigo unarudi, nauli juu yangu. Namwambia mpishi: baba, huyo mdudu ndiye shahidi wangu! Malipo baada ya miezi miwili, na bila risiti ya mashine mhasibu hakutazami. Masika ikaingia, wageni wakaondoka. Nafuata pesa zangu, nakuta geti limefungwa, mlinzi anachemsha chai: "Mama, mpaka Juni." Meneja hapatikani. Na saladi shambani haijui Juni. Nikawapa ng'ombe wa jirani, nikakaa chini nikalia, mwanangu akadhani nimefiwa.

Bamia: Ulilipwa??

Mama Saladi: Nusu. Meneja mpya anasema deni si lake.

Dalali Mstaafu: Poleni, ila madalali msitutie humo. Tungule yako ina kovu, ya mwenzio inang'aa, muuza chipsi achukue ipi?

Mchaichai: Na ushuru wako mbona unakata sawasawa?

Dalali Mstaafu: Basi amka saa kumi alfajiri ukanadi mwenyewe.

Mkoani Kwetu: Nyie wa Unguja mna hoteli mnalia. Sisi Pemba ndizi zinafika bandari ya Malindi hapo Unguja zimeshaiva melini.

Jirani wa Fuoni: Mie shamba limezingirwa na nyumba. Mwanzo nilinuna, leo majirani ndio soko. Wanakuja na vikapu, mchicha unang'olewa mbele ya macho yao, nembo hawaulizi. Oda kwa WhatsApp, mwisho saa mbili usiku. Taabu ni watoto na mapapai yangu, na madalali wa viwanja hawaishi kubisha hodi.

Bamia: Nembo ya Kilimohai, ile ya mazao yasiyotiwa dawa, ina maana yake lakini. Kiwango cha Afrika Mashariki kipo tangu 2007, na kwa soko la hapa kikundi mnaweza kukaguana wenyewe.

Dalali Mstaafu: Utaibandika kwenye mchicha?

Nazi Mbata: Hoteli ni taslimu tu, mkopo kataa.

Mama Saladi: Wewe hujawahi kuuza hoteli. Dai kila wiki mbili, na masika ikikaribia punguza saladi, weka muhogo.

Mchaichai: Fuoni, nikuletee tungule?

Jirani wa Fuoni: Tungule ninazo. Lete matango.