Eddy Gordo amepigwa marufuku Kisumu kwa sababu watu wamekataa kuchuchumaa

Wadau wa Tekken, ile gemu ya kupigana, kuanzia Kondele hadi Kakamega, leo mnivumilie. Kuna ukumbi mmoja wa gemu hapa Kisumu, jina nalihifadhi lakini mnaocheza mashindano ya Jumamosi mnaujua, umebandika karatasi ukutani: EDDY HARUHUSIWI. Yaani Eddy Gordo, mmoja wa wapiganaji wa gemu hiyo, asichaguliwe na mtu. Herufi kubwa, kalamu ya maki. Sababu haikuandikwa. Hakuna mchezaji aliyeulizwa. Na imebandikwa baada ya watu kutuma kiingilio cha mia mbili kwa simu, si kabla. Nilipomfuata msimamizi akanijibu bila kutoa macho kwenye simu yake: "Omera, huyo ni wa kubonyeza tu. Anaharibu mchezo."

Wa kubonyeza tu, yaani wa kushinda kwa kubonyeza ovyo bila ujuzi. Mwaka 2024!

Najua maneno hayo yalikotoka. Ni ya Tekken 3, enzi za PlayStation ya kwanza, wakati mtoto yeyote mwenye sarafu ya shilingi tano angemchukua Eddy, akandamize vibonye viwili vya mateke, na watu wazima waondoke kimyakimya wakidai wameitwa nyumbani. Sawa, yalitokea, wengi wetu tuliyaona. Lakini gemu ile ilifika kwenye PlayStation mwaka 1998. Tangu hapo zimetoka Tekken nyingine tano za namba, na watu bado wanamhukumu Eddy kwa kesi ya babu yake.

Kwa wasiofuatilia: Eddy alikuwemo kwenye Tekken 7. Tekken 8 ilipotoka Januari 26, 2024 na wahusika 32, yeye hakuwemo. Alirudi Aprili 2024, wa kwanza kati ya wahusika wanaolipiwa kando. Karatasi inabandikwa hajamaliza mwezi. Hakuna mtu Kisumu nzima, mimi nikiwemo, anayeweza kusema amemmaliza kumsoma. Lakini hukumu imeshatoka na karatasi imeshabandikwa.

Sasa niwaambie kilichotokea hasa, maana nilikuwa nimesimama pale pale nyuma ya viti. Ijumaa, jamaa mmoja anayeheshimika sana kwa Bryan wake, mhusika mwingine wa gemu, alikaa na dogo mmoja wa Manyatta. Dogo akamchagua Eddy. Na kweli dogo alikuwa anabonyeza, sitamtetea, kombo, yaani mapigo ya kuunganishwa, hana na mpango hana. Ana teke moja la chini ambalo analirudia mpaka unachoka kulitazama. Jamaa wa Bryan akasimama wima kama mlingoti raundi tatu mfululizo, amebana mshale wa nyuma, kidole gumba hakikushuka hata mara moja. Teke, teke, teke. Watu wakaangua kicheko. Padi ikawekwa kwenye meza kwa nguvu ambayo mwenye ukumbi angemtoza mtu mwingine. Jamaa huyo ni rafiki wa karibu wa msimamizi. Jumamosi tunakuta karatasi.

Tekken, wadau, si siri. Ukishika nyuma unazuia mapigo ya juu na ya kati. Ukishika chini-nyuma unachuchumaa, unazuia ya chini. Teke la chini la nguvu likizuiwa humwacha mwenyewe wazi, unainuka na kumwadhibu. Ukilizuia mara mbili ukamlima mara mbili, anayebonyeza anaanza kuogopa kibonye chake mwenyewe. Somo hilo ni la siku ya kwanza, wala halimhusu Eddy peke yake.

Tumzungumzie huyo Eddy basi, kwa sababu katika mahakimu wote hawa sijasikia hata mmoja akitaja mkao wake mmoja kwa jina.

Anacheza capoeira, sanaa ya mapigano ya Brazili, na nguvu yake iko kwenye kubadilisha mkao. Mara amesimama, mara yuko kwa mikono miguu hewani, huo ni Bananeira, mara amejilaza karibu na sakafu, huo ni Negativa. Hapo kwenye Negativa ndipo watu wanapoteza akili. Mchezaji wa kawaida akibanwa hukimbilia ngumi ya haraka, ile ya fremu 10, yaani sehemu ya sita ya sekunde, kwa vile gemu inakwenda fremu (picha) 60 kwa sekunde. Ngumi ile ni ya juu. Eddy yuko chini. Inapita hewani, unakula teke. Unaona haiwezekani, unapiga ngumi ileile tena. Inapita tena. Baada ya hapo unasema gemu imeharibika na unatafuta kalamu ya maki.

Dawa yake ni pigo la kati. Kila mhusika analo, mengi ni ya kibonye kimoja tu na mshale. Na kuna jambo ambalo sisi tunaomchukua Eddy hatupendi kulitangaza: akiwa kichwa chini au amelala kwenye Negativa, hazuii. Akiingia humo mbele ya mtu aliyetulia, amejiuza mwenyewe. Anayebonyeza ovyo huingia humo kila wakati bila kujua. Kwa hiyo huyo dogo mnayemwogopa ndiye Eddy rahisi kuliko wote. Eddy wa kuogopwa ni yule anayesimama, anangoja, anaingia Negativa mara moja kwa raundi wakati hukutarajia. Huyo bado hamjakutana naye hapa, na kwa karatasi ile hamtakutana naye.

Kitu kipya kweli alichokuja nacho ni mkao wa Mandinga. Kadiri anavyofanikisha baadhi ya miondoko, kiwango cha Mandinga kinapanda na mapigo yanayotoka humo yanakuwa makali zaidi. Hapa ningemsikiliza mtu akiniambia mhusika huyu ni mzito. Ukimwachia akusanye, ukiwa na ukuta mgongoni, halafu awashe Heat, ile hali ya kuongeza makali kwa muda, unapata shida ya kweli. Heat hudumu sekunde 10, lakini ndani ya sekunde hizo hata ukizuia damu, yaani uhai wa mhusika wako, inapungua, kwa hiyo kujikunja na kusubiri ipite kuna gharama yake. Unalazimika kukisia, na ukikosea unalia. Nakubali.

Ila Heat ni ya kila mtu, mara moja kwa raundi. Haikuletwa na Eddy. Na upande wa adhabu, mimi namwona hafifu: ukikosea mbele yake anakulipiza, ndiyo, lakini hakuumizi kama mhusika mwenzake Kazuya anavyokuumiza kwa kosa lilelile. Nikimpima kwa wiki hizi chache, ni mhusika mzuri wa kushambulia, mgumu kumzoea, na anayeadhibiwa vibaya na mtu aliyefanya mazoezi. Sioni cha kupigiwa marufuku hapo.

Tena marufuku hiyo iko peke yake. Dragunov anaruhusiwa! Dragunov, ambaye gemu ilipotoka wachezaji wakubwa duniani walimweka kileleni au karibu yake, anachukuliwa pale ukumbini kila wiki na hakuna anayelalamika. King anaruhusiwa. King anakushika, anakuunganishia mwereka juu ya mwereka hadi damu inakwisha, na nusu ya watu pale hawajui kwamba mishiko mingi kwenye mnyororo ule ina kibonye cha kujinasua. Hawajui, wanapigwa, wanacheka, wanaomba mechi nyingine. Akifanya Eddy, ni uharibifu. Kwa hiyo tatizo si ukali wa mhusika. Tatizo ni aibu ya kupigwa na mtoto.

Na msiniambie hamna pa kujifunzia. Tekken 8 inakuonyesha fremu za kila pigo ndani ya sehemu ya mazoezi, bure, hulipii programu yoyote. Marudio ya mechi yako unaweza kuyasimamisha pale pale ulipopigwa, ukaichukua padi, ukajaribu jibu lingine, na gemu yenyewe inakuonyesha pigo ambalo lingemwadhibu mwenzako. Enzi za Tekken 3 tungepewa hicho kitu tungehamia ukumbini na godoro.

Kuna hoja moja tu ambayo ningeikubali, na nashangaa hawakuitumia. Pale ukumbini Eddy amenunuliwa kwenye mashine moja. Nyingine hazina. Mtu aliyetoka Busia au Kakamega kwa matatu, na hii mvua ya Aprili, hawezi kupata mazoezi naye sawa na mwenyeji anayekaa kwenye mashine hiyo moja kila jioni. Hiyo ni haki ya kuzungumziwa. Wangeandika, "Wahusika wa kulipiwa hawaruhusiwi hadi mashine zote ziwe nao," ningenung'unika kidogo, ningechukua mtu mwingine na kucheza. Lakini karatasi haisemi hivyo. Karatasi inasema Eddy. Na bado watatu walikuwa wameahidiwa mwaka huo huo wa 2024. Kila mmoja akitoka tusubiri amfunge rafiki wa msimamizi ndipo tujue kama anaruhusiwa?

Halafu tunajiuliza kwa nini watu wa Nairobi wakija huku wanatufunga na kurudi na pesa zetu. Mkenya mwenzetu Sylvia Gathoni, QueenArrow, amevuka hadi timu za nje kwa gemu hii hii. Arslan Ash alitoka Lahore, Pakistan, mji ambao wakubwa wa Tekken hawakuwa wakiuangalia, na mwaka 2019 akachukua Evo Japan kisha Evo ya Las Vegas, mashindano makubwa ya gemu za kupigana. Knee, bingwa mkongwe wa Tekken kutoka Korea, na ni nani asiyemjua Knee, ilibidi apande ndege kwenda Pakistan kuona hao watu wanakula nini. Kule wanakaa kwenye vyumba vidogo wakipigana wao kwa wao, kila mhusika, hadi hakuna kinachowashtua. Sisi tukishtuliwa na teke la chini tunaandika sheria.

Ninachotaka ni kidogo. Karatasi itolewe, au iandikwe upya kwa sababu inayoeleweka na itangazwe kabla ya watu kulipa. Waliolipa Jumamosi wakakatazwa mhusika wao warudishiwe pesa. Mimi sijarudishiwa, wala sijapata hata ujumbe wa samahani.

NYONGEZA: Naona majibu yameanza. Kwa anayesema nimekasirika kwa kuwa Eddy ndiye wangu: ndiyo, ndiye wangu, nimemlipia. Ulitaka akasirike nani, mtu wa Dragunov?

Kwa anayesema nianzishe mashindano yangu: nipe mashine nne na umeme usiokatika saa mbili usiku, tutaanza kesho.

Kwa ndugu wa Bungoma aliyeuliza kwa ustaarabu afanye nini Eddy akiingia Negativa, hili ndilo swali la maana kwenye uzi mzima. Nenda sehemu ya mazoezi, mweke Eddy kama mpinzani, rekodi mambo mawili: la kwanza aingie Negativa na apige teke la chini, la pili aingie na apige la kati. Yacheze kwa kubahatisha. Usijaribu kuzuia kwanza. Ukimwona tu anashuka, piga pigo lako la kati la haraka zaidi, uone ni mara ngapi unamkatiza kabla hajafanya lolote. Hilo likikaa kidoleni, ndipo uanze kujifunza kuzuia. Na ukiwa unacheza na Law au Steve, wahusika wengine, niambie, mapigo yao ya kufaa hapo si yale yale.